Zerabruk Hadera, Aliyetembea Nyuma ya Msafara

Wasifu wa marehemu Zerabruk Hadera, uliosomwa na mdogo wake, Sibhatu Hadera, katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, Adi Tsegab, wilaya ya Atsbi, Jumanne tarehe 9 Tiri 2009 kwa kalenda yetu.

Kasisi Gebremedhin, wazee wetu, wanachama wa chama cha mazishi, wageni mliopanda kutoka bondeni tangu jana, ndugu na majirani. Kwa miaka kumi na tisa, kwa kuwa ni mwenyekiti wa chama, mimi ndiye ninayesimama hapa kuwasoma marehemu wetu. Nimesoma hamsini na mmoja. Wote niliwasema vizuri, na wapo walionikalisha na kalamu siku nzima nikitafuta la kusema. Mnatabasamu, mnawajua. Wa leo ana mengi mazuri, lakini wasifu wake umenishinda kuliko wote, kwa sababu sehemu moja inanihusu mimi, na sina uso wa kuisoma. Nitaisoma hivyo hivyo. Karatasi mliyo nayo mkononi, aliyoipiga chapa binti yake Meresiet leo asubuhi kule mjini, ina mistari miwili tu mahali pa kazi. Yangu ni ndefu zaidi. Naomba mnivumilie, na wewe Meresiet naomba usiondoke mpaka nimalize.

Marehemu alizaliwa hapa Adi Tsegab tarehe 12 Hidari 1933, siku ya Mtakatifu Mikaeli, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Hadera Woldegebriel na Mama Tsehaytu Gidey. Waitaliano walikuwa bado nchini, na baba yetu alikuwa safarini kwenye chumvi. Alirudi mtoto akiwa na siku tisa. Mama alisimulia kwamba baba, kabla hata ya kunawa vumbi, alimgusisha mtoto ulimini chembe ya chumvi aliyokuja nayo. Mtoto alikunja uso, kisha akatoa ulimi tena. Baba akasema, "Huyu ni wa njia." Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye. Nilipogusishwa chumvi nililia mpaka jioni.

Alipofika umri wa miaka minane alipelekwa shule ya kanisa, hapa hapa, chini ya mwalimu aliyekuwa na fimbo ndefu na subira fupi. Alijifunza kusoma, akazishika zaburi zote mia na hamsini kwa moyo, na wengi walitegemea kwamba angekuwa shemasi. Mwaka 1950 baba alivunjika mguu kwenye mteremko, na Zerabruk, akiwa na miaka kumi na saba, aliacha shule akashika kamba za ngamia. Zaburi hakuziacha. Alizisoma akitembea, na baadaye akawa anapimia njia kwa hizo. Ukimuuliza kutoka kijito hiki mpaka mwamba ule ni mbali kiasi gani, alikwambia ni zaburi arubaini, au sitini na mbili. Wenzake walimtania, "Zerabruk, leo umeruka kurasa, tumefika mapema." Naye alijibu, "Sijaruka. Nyinyi ndio mmetembea vizuri kwa mara ya kwanza."

Kwa desturi, baada ya masomo husomwa kazi, kisha ndoa. Leo naanza na ndoa. Msijiulize kwa nini. Ninajichelewesha tu.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 27 Tiri 1954 na Abrehet Kahsay, ambaye yupo mbele yetu hapa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Meresiet, Kahsay na Dawit. Ilikuwa nyumba ya maneno mengi na ugomvi mdogo mdogo usio na madhara. Wote mnajua kwamba Waafari wa kule bondeni wakikutana njiani hukaa chini wakapeana habari zote, za mvua, za wanyama, za wagonjwa, za nani kapita na nani hajapita, na katika kupeana huko ni mwiko mtu kusema uongo au kuficha. Zerabruk aliichukua desturi hiyo akaileta nyumbani. Akirudi safari, siku kumi na mbili hayupo, alikaa mlangoni na kuuliza habari kabla ya kuomba maji. Siku moja nilikuwepo.

"Zerabruk, wanaume wengine wakirudi wanauliza chakula," Abrehet alimwambia. "Wewe unauliza mbuzi wa jirani amezaa wangapi."

"Kwani amezaa wangapi?"

"Mimi sikuolewa na redio."

"Redio haiulizi, yenyewe inasema tu. Amezaa wangapi?"

"Wawili."

"Wazima?"

"Wazima, Zerabruk. Nawa mikono."

Shemeji yangu Abrehet, umeishi na mtu huyo miaka hamsini na mitano. Katika hiyo, arubaini na sita uliishi ukijua kwamba mumeo ni mwizi wa nyasi. Ulimpikia, ulimfulia, ukamzeesha hivyo hivyo, na ninavyojua hukumtupia neno hilo hata siku moja. Kisimani wanawake walikuwa wakisema kwa sauti, "Ondoeni mafungu yenu jamani, mke wa Zerabruk anapita," na wewe ulijaza mtungi wako ukaondoka. Sasa nafika kwenye kazi.

Marehemu alifanya kazi ya chumvi kuanzia Tiri 1950 mpaka mwaka 1996 magoti yalipomshinda, yaani miaka arubaini na sita. Aliteremka na shayiri, ngano, asali, pilipili na nguo, na kupanda na chumvi iliyokatwa na Waafari kule jangwani, kama babu zetu walivyofanya tangu zama ambazo chumvi hiyo ndiyo ilikuwa fedha ya nchi hii. Mwaka 1952, kwenye kambi ya wakataji kule Hamed Ela, alipata rafiki, Dawud Hamadu. Yupo pale, amekaa ukutani kwenye kivuli. Urafiki wa watu wa mlimani na watu wa bondeni mnaujua: nyumba ya mmoja ni nyumba ya mwenzake, na mtu wa mlimani asiye na rafiki bondeni ni mfu anayetembea. Dawud alimfundisha lugha yake, namna ya kunywa maziwa ya ngamia bila kuumwa tumbo, na namna ya kunusa mafuriko yakiwa bado hayajaonekana. Zerabruk alimfundisha kula tihlo, madonge yetu ya unga wa shayiri yanayochovywa kwenye mchuzi wa pilipili, akashindwa kumfundisha kupenda pilipili. Mtoto wa tatu wa Zerabruk aliitwa Dawit kwa ajili ya rafiki huyo. Dawud naye alimwita mwanawe Mikail, kwa sababu ya siku aliyozaliwa Zerabruk.

Sasa, wageni kutoka mjini huenda hawaijui desturi ya nyasi. Safari ya kwenda na kurudi haina majani ya kulisha mnyama. Kwa hiyo mtu wa chumvi anapoteremka hubeba nyasi kavu nyingi na mikate migumu, ile inayookwa kwa kuviringishwa kwenye jiwe la moto, na kila kituo huacha fungu lake chini ya mwamba, la kula wakati wa kurudi. Haachi mlinzi. Kila fungu limefungwa kwa kamba iliyosokotwa na mke wake kwa manyoya ya mbuzi na uzi wa rangi ya nyumba yake, na kila mtu anazijua kamba za wenzake. Jambazi anaweza kukuvua nguo njiani na kukuacha uchi. Nyasi zako zitakuwepo. Hakuna aliyekumbuka mtu kugusa fungu la mwenzake, mpaka mwezi wa Megabiti mwaka 1963.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtu mzima, nina mke, nina ngamia watatu wangu mwenyewe, na nilijiona mjanja. Asubuhi ya kuondoka nilipunguza nyasi, nikapakia pilipili na asali zaidi, nikajua nitabadilishana vizuri kule chini. Zerabruk aliizunguka mizigo yangu.

"Nyasi zako ziko wapi?"

"Zipo za kutosha, kaka."

"Za kumtosha nani? Ngamia wako wanakula pilipili?"

"Tutarudi haraka."

"Njia haijui haraka yako, Sibhatu. Pakua magunia mawili ya pilipili."

Sikupakua hata moja. Kule chini kweli nilibadilishana vizuri, nikapata chumvi nyingi kuliko walivyoweza kubeba wanyama wangu, na nikawabebesha yote. Siku ya kurudi mke wa Dawud alikuwa na uchungu wa kuzaa na hali ilikuwa mbaya, kwa hiyo Zerabruk akabaki na rafiki yake siku moja. Mimi nilitangulia peke yangu. Siku ya pili, jua la saa sita, kwenye korongo la Saba, ngamia wangu mmoja alipiga magoti na wa pili akamfuata. Fungu langu la kituo kile lilikuwa dogo, walilimaliza mara moja. Pembeni yake, chini ya mwamba, palikuwa na mafungu kumi na moja yenye kamba ya uzi mwekundu. Yalikuwa ya Gebrekidan Araya wa Mai Daero, aliyekuwa nyuma yangu na ngamia kumi na mmoja.

Niliyafungua yote. Sikuchukua matatu ya kunitosha, nilichukua yote, mengine nikabeba kwa ajili ya mbele. Nilichukua na mikate. Kamba ya mzigo wangu ilikuwa imekatika, nikatumia yenye uzi mwekundu. Nimejiuliza miaka yote nilikuwa na akili gani siku hiyo. Nilikuwa na akili zangu timamu, na sitawadanganya kwamba jua lilinipanda kichwani.

Zerabruk alinikuta kwenye soko la Berahle kesho yake, maana alitembea bila kupumzika ili anifikie. Alikuja na habari njema, mke wa Dawud amejifungua salama. Kisha akaiona kamba.

"Hii umeitoa wapi?"

"Yangu ilikatika."

"Sikukuuliza ya kwako. Ulichukua mangapi?"

"Yote."

"Na mikate?"

"Na mikate."

Alikaa chini juu ya chumvi yake. Akaniuliza Gebrekidan ana wanyama wangapi kule nyuma, nikamwambia. Akainuka, akaifungua ile kamba kwenye mzigo wangu, akanifungia ya kwake, na ile nyekundu akaifunga kwenye ngamia wake mwenyewe. Nilidhani ameichukua ili akaitupe mbali. Kisha akanunua nyasi pale sokoni, zote alizoweza kupata, akateremka nazo tena korongoni kumtafuta Gebrekidan. Alimkuta mchana wa siku ya pili. Ngamia wanne walikuwa wamekwisha kufa, na Gebrekidan alikuwa amebeba chumvi mgongoni mwake mwenyewe.

Na hilo la kumpelekea nyasi ndilo lililommaliza. Wazee wanne walikaa Berahle, wawili Waafari na wawili wetu, na mzee Yayyo, aliyekuwa mkubwa wao, akamuuliza mbele ya watu wote.

"Zerabruk, ulijuaje kwamba wanyama wa Gebrekidan hawana chakula?"

Mzee akaielekezea kidole kamba yenye uzi mwekundu.

"Na kamba hii?"

"Iko kwenye mzigo wangu."

"Kwa hiyo ni wewe uliyefungua nyasi za mwenzako?"

"Hukumuni kwa mnachokiona, baba."

Mimi nilikuwa nimekaa upande wake wa kushoto, watu wawili katikati yetu. Nilikuwa na mkate mdomoni. Niliumeza, nikamega mwingine.

Walimhukumu kumlipa Gebrekidan ngamia wanne, naye alikuwa nao watano. Na walisema kuanzia siku hiyo hatatembea ndani ya msafara wala mbele yake, atatembea nyuma, hatakula na watu wa njia, na nyasi zake ataziweka mahali pake peke yake. Alilipa kesho yake asubuhi. Siku tuliyopanda kurudi nyumbani nilimsubiri mpaka tukawa mbali na wengine, nikamuuliza kwa nini.

"Mke wako ana mimba ya miezi minane," alisema. "Wangekuchukulia wote watatu, na mmoja ungebaki unadaiwa. Mimi nilikuwa nao watano."

"Sasa itakuwaje?"

"Utasimama kwanza. Ukishasimama, utawaambia mwenyewe."

Ndugu zangu, nilisimama. Mwaka 1965 nilikuwa na kibanda cha chumvi karibu na shule. Mwaka 1970 nilikuwa na duka. Nikajenga nyumba ya bati, nikachaguliwa mzee wa kanisa, mkaniweka mwenyekiti wenu. Kila hatua nilijiambia bado kidogo. Na Zerabruk kwa miaka thelathini na mitatu alitembea nyuma ya msafara, yeye na mnyama mmoja, anakula vumbi la wote, anaoka mkate wake peke yake huku wenzake wakiimba. Waliompita njiani walimwambia, "Mwizi wa nyasi, hujambo?" Aliitika, "Sijambo." Habari yake Waafari waliipeleka kwa desturi yao ile, na kabla ya Pasaka ya mwaka ule ilikuwa imefika vituo ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kufika.

Dawud peke yake aliijua kweli. Zerabruk alipoulizwa habari na rafiki yake hakuweza kumficha, akamweleza yote na kumwomba aishie nayo hapo. Dawud aliishia nayo hapo. Lakini kila tulipokutana, sokoni au njiani, alinikalisha chini na kuniuliza habari. Nilimwambia mvua, nikamwambia bei, nikamwambia nani kaoa.

"Na nyingine?" aliuliza.

"Hakuna nyingine."

"Haya. Labda wakati mwingine."

Amefanya hivyo miaka arubaini na sita, bila hasira, na mimi nilifika mahali nikiliona shuka lake sokoni nageuza njia. Dawud, samahani kwa kukukimbia. Nyingine ndiyo hii, na uipeleke kwa haraka ile ile iliyopelekwa ya uongo.

Meresiet, mwanangu. Jana uliniomba, "Baba mdogo, hapo kwenye kazi pita haraka, watu wameshasahau." Ulisema kwa upole, umeinama. Ulikuwa unamwonea aibu baba yako. Ulipokuwa darasa la pili wenzako walikujaza nyasi kwenye nywele wakaimba wimbo wao wa mwizi wa nyasi, ukaja mbio kwenye kibanda changu ukilia. Nilikukalisha kwenye gunia, nikakutoa nyasi moja moja, nikakupa peremende. Ukaniuliza kama ni kweli baba yako aliiba. Nilikwambia, "Mambo ya wakubwa hayo, kula peremende yako." Naomba leo ulisikie jibu. Hakuiba. Niliiba mimi.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Hidari mwaka huu. Miguu ilivimba, akawa hawezi kulala chali. Alipelekwa hospitali mjini, akakaa siku kumi na moja, na daktari akasema moyo umechoka, arudi nyumbani apumzike. Tarehe 3 Tiri, Jumatano, aliniita. Nilimkuta ameegemezwa mito, anapumua kwa shida, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Kaa, Sibhatu."

"Nimekaa, kaka."

"Nataka uwaambie."

Sikumuuliza nini. "Kina nani?"

"Watu. Jumapili, misa ikitoka, pale uwanjani. Wanibebe na kitanda wanisogeze karibu. Sihitaji waniombe msamaha. Nataka kusikia tu."

Nilitazama mikono yangu. Mjukuu wangu Tsega anatarajiwa kuolewa tarehe 21 ya mwezi huu, na kijana anayemwoa ni mjukuu wa Gebrekidan Araya. Hayo mnayajua, kadi mnazo majumbani. Nilimwambia, "Kaka, acha arusi ipite. Ikipita tu, nasema."

"Lini?"

"Tarehe ishirini na moja."

Alihesabu kwa vidole, polepole, juu ya blanketi. "Siku kumi na nane," alisema. "Haya. Nitajaribu."

Hakukasirika. Aliniuliza kama Tsega anampenda huyo kijana, nikasema anampenda, akasema basi vizuri.

Jumapili ilifika, na alikuwa hai. Misa ilipotoka nilisimama hapa nilipo sasa, nikashika kipaza sauti hiki hiki, nikatangaza michango ya sikukuu ya Timkati, nani alete kuni, nani alete pombe ya suwa, na mazulia yatatoka nyumba gani. Nilitangaza vizuri, watu walicheka mara mbili. Nyumba ya marehemu mnaiona, ni ile pale chini ya ukuta. Jana, tulipokuwa tunamwosha, Dawit alinieleza bila kujua ananieleza nini. Alisema Jumapili baba yake aliuliza kama watu wametoka kanisani. Akaomba mlango ufunguliwe wote na kitanda kigeuzwe kielekee huku. Akaomba watoto wanyamaze. Akasikiliza tangazo lote, kuni, suwa na mazulia, mpaka kipaza sauti kilipozimwa. Kisha akasema, "Funga tu, baridi inaingia."

Alifariki kesho yake, Jumatatu tarehe 8 Tiri 2009, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita, mkewe akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Abrehet Kahsay. Watoto watatu, Meresiet, Kahsay na Dawit. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Rafiki yake Dawud Hamadu, na Mikail na wadogo zake, ambao wote walimwita baba. Ameacha na mdogo wake mmoja.

Ukoo wa Gebrekidan Araya, nawaona mstari wa pili. Baba yenu alikufa akiamini amedhulumiwa na mtu aliyemteremkia korongoni na nyasi, na aliyemdhulumu alikula naye arusi na matanga na kukubali mjukuu wake aolewe kwenu. Kama mtaivunja posa, Tsega hana kosa, mwambieni yeye kwa upole, mimi nitasikia kwa wengine. Wanachama, kitabu cha chama nimempa kasisi kabla sijaanza kusoma.

Nimeandika haya mara nne tangu jana, na mara zote nilikuwa naandika kana kwamba atayasikia. Alitaka kuyasikia siku moja tu, akafunguliwa mlango, na mimi nikamsomea orodha ya kuni. Mungu ampe Zerabruk Hadera pumziko nililomnyima. Mimi msiniombee leo.